Siku Wakwe Walipoipepea Kompyuta

Nyumba tunayoishi mimi na mama yangu pale Ifakara ina bati zuri na haina dari. Fundi aliyeipaua alituahidi kwamba dari ingefuata baadaye, na hiyo baadaye bado tunaisubiri. Mwezi wa sita na wa saba nyumba ni ya raha kabisa, unajifunika na shuka. Lakini joto la kuelekea mvua likianza, mashamba yamekauka, upepo umekwenda usikojulikana, basi ikifika saa sita mchana unalisikia bati likilia, ta, ta, ta, kama mahindi kikaangoni. Binadamu ana miguu, atatoka nje akakae upande wa ukuta wenye kivuli. Kompyuta ya mezani itakwenda wapi?

Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa anahama Morogoro. Ilikuwa na kioo kipana na sipiyu nyeusi kubwa, lile sanduku ambalo ndilo kompyuta yenyewe, na nilipoileta nyumbani mama alidhani nimenunua jiko la umeme. Hakukosea sana. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, halafu nazikata na kuziunganisha hapo nyumbani, naweka muziki, naweka majina, mwisho naiamuru kompyuta izichanganye zote ziwe filamu moja. Sisi wa kazi hii tunaita kurenda. Kurenda ni kama kupika makande: unaweka jikoni, unasubiri, na huwezi kuharakisha. Kwa harusi ndefu kompyuta huhangaika saa nyingi, na kadiri inavyohangaika ndivyo inavyopata moto.

Kwenye pembe ya kioo niliweka namba inayoonyesha joto la ndani ya mashine. Mama hajui kutumia kompyuta, lakini namba anazijua, na ile namba aliichukua ikawa kazi yake. Alikuwa anapita na sufuria mkononi anachungulia.

"Sasa iko themanini na tano."

"Bado inavumilia, mama."

"Mtu akifika arobaini anakimbizwa hospitali. Hii iko themanini na tano na bado inafanya kazi? Hii ina roho ngumu."

Ikifika mahali fulani tisini na kitu, roho ilikuwa inaishia hapo. Kioo kinakuwa cheusi, feni za ndani zinanyamaza, na saa zote zile za kurenda zinapotea. Unaanza upya, kama mtu aliyebeba maji kichwani kutoka mtoni akajikwaa mlangoni.

Mwaka huo nilipata kazi ya harusi moja ya Idete. Bwana harusi alikuwa kijana wa Kindamba, mtoto wa mkulima wa mpunga. Bibi harusi alikuwa binti wa Kisukuma, ambaye baba yake alihamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Historia ya wazee hao wawili kila mtu Idete aliijua. Ng'ombe wa mmoja waliingia kwenye mpunga wa mwingine, kesi ikapelekwa ofisi ya kijiji, wakabishana siku nzima kwato ni za ng'ombe wa nani. Mkulima alikuja na mwanawe wa kumsaidia kulalamika. Mfugaji alikuja na bintiye wa kumsaidia kujitetea. Wazee wakiwa bado wanabishana, hao wawili wakabadilishana namba za simu.

Ndipo mambo yakapinduka. Yule aliyeliwa mpunga ikabidi ahangaike kutafuta ng'ombe wa mahari, na kumpelekea yule yule ambaye ng'ombe wake walikula mpunga. Alifanya hivyo, maana mwanawe alikataa kula, lakini alifanya bila kufungua mdomo. Wazee hao waliwaoza watoto wao kwa heshima zote bila kusemezana neno. Kila kitu kilipita kwa mshenga, mstaafu mmoja mwenye sauti nzito na suti ya kahawia. Hata siku ya harusi, wamekaa meza moja, nilimwona baba wa bwana harusi akimnong'oneza mshenga, na mshenga akainama upande wa pili kusema, "Mkwe wako anaomba umsogezee chumvi."

Mshenga huyo alitoa hotuba. Alianza kwa kusema hana maneno mengi, na alipomaliza pilau ilikuwa imepoa. Baada ya sherehe alinishika mkono akanisihi nisiikate hata kidogo, na kama inawezekana niipambe. Niliipamba. Niliweka maua yanayoelea, niliweka picha zake ndogo ndogo zikizunguka pembeni, niliweka wingu.

Video ilitakiwa Jumamosi, siku ya kuvunja kamati, ile sherehe ndogo ya kuwashukuru walioandaa harusi. Halafu Jumapili baba wa binti alikuwa anasafiri kwenda Usukumani kwa mama yake mzazi, bibi ambaye miguu haikumruhusu kuja harusini, na alitaka kumpelekea video hiyo kwenye flashi.

Jumatatu nikaanza kurenda. Ilikwenda vizuri kanisani, ikaenda vizuri kwenye kuingia ukumbini, ikafika kwenye hotuba ya mshenga, ikazima. Nikasubiri ipoe, nikaanza upya. Kanisani, ukumbini, mshenga, giza.

Jumanne niliitoa sipiyu nje, nikafungua kava la ubavuni. Nyuma ya nyumba yetu kuna mashine ya kukoboa mpunga, na nilichokikuta ndani ya kompyuta kingetosha kulisha kuku. Pumba zilikuwa zimejaa kwenye feni, zimejaa kwenye mapezi ya chuma ya kupoozea, zimetanda kila mahali kama mtu alizipanga. Nilichukua pampu ya baiskeli, nikazipuliza mpaka mikono ikauma. Kuku wa jirani walikuja kweli. Nikairudisha ndani bila kava, juu ya matofali mawili ili ipate hewa chini, nikasema sasa.

Ilivumilia zaidi. Mshenga alifika hadi kwenye sentensi ya kumshukuru mwenyekiti wa kitongoji, ikazima.

Nyumba nzima ilikuwa na feni moja, na feni hiyo ilikuwa ya mama. Nilimwomba.

"Nami nitapepewa na nani?"

"Ni mpaka Jumamosi tu, mama."

Mama alifikiri, akachukua mkeka wake, akautandika nyuma ya kompyuta. Alisema kama feni inapuliza kompyuta, basi upepo ukipita upande wa pili ni wake. Alijilaza kidogo tu akainuka. "Huu upepo una moto," alisema. "Ni kama kulala nyuma ya lori." Akaenda kukaa nje, na kila jirani aliyepita akauliza kulikoni, mama akajibu kwamba ndani kuna mgonjwa.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kuja, maana Ifakara ukisema una mgonjwa hukosi dawa. Mmoja alisema niloweshe shuka nilitundike dirishani. Nililitundika, likakauka kabla sijamaliza kubana. Mwingine alisema nifanye kazi usiku. Nilikuwa nimeshajaribu, usiku mtaa mzima huwasha vitu vyake, umeme unafifia, na bati linaendelea kutoa joto lililolikusanya mchana. Wa tatu, mama mmoja anayeuza samaki sokoni, ndiye aliyesema barafu. Weka barafu kwenye beseni mbele ya feni, alisema, utavaa sweta.

Alhamisi aliniletea bonge la barafu ndani ya gunia. Nikaweka beseni, nikawasha feni, na kwa muda namba ile ya kwenye kioo ilishuka vizuri kiasi kwamba nilimwita mama aje aone. Mama alikuja, akasimama mlangoni, akanusa.

"Unapika kambale?"

Barafu lile lilikuwa limelala na samaki tangu jana yake. Feni ilikuwa inachukua harufu ya kambale na kuisambaza chumba kizima, ikiiingiza hata ndani ya kompyuta. Kabla ya saa moja kupita paka wa kwanza alikuwa dirishani. Wa pili aliingia kwa mlango. Nikimfukuza huyu, yule anaruka kwenye meza. Hatimaye walikuja wa mtaa mzima, wakakaa wakizunguka sipiyu iliyo wazi kama watu waliokuja kutoa pole, na mmoja akaingiza mkono ndani kugusa feni. Nilipiga kelele. Paka akashtuka, akapiga beseni teke, maji yakaelekea kwenye soketi. Sijui niliruka vipi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimesimama juu ya kiti nikiwa nimekumbatia sipiyu kifuani, waya umechomoka, na mama anadeki huku akicheka hadi akakaa chini kwenye maji.

Kwenye video, mshenga alikuwa hata hajasimama.

Ijumaa umeme haukuwapo. Jumamosi haukuwapo pia hadi asubuhi ilipokwisha sogea, ukarudi wakati jua limeshakaa sawasawa juu ya bati. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewasha nikasikia hodi. Alikuwa baba wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye kofia pana na fimbo, amekuja kuchukua flashi.

"Wangaluka," alinisalimu Kisukuma, kama kawaida yake.

"Shikamoo baba. Karibu ukae. Bado kidogo."

Hajakaa vizuri, hodi nyingine. Baba wa bwana harusi, mfupi, mkakamavu, naye amekuja kuchukua flashi. Aliingia, akamwona mkwewe, akasita mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo baba," nilisema upesi. "Karibu. Bado kidogo."

Chumba kilikuwa na benchi moja. Walikaa huku na huku, katikati nikabaki mimi na kiti changu. Mama alileta maji ya kunywa, akachungulia namba, akasema, "Sabini na nane," akatoka. Wazee walitazama feni. Feni ilitazama kompyuta. Halafu, mbele ya macho yetu sote, feni ya mama ikatoa mlio, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikazungusha mabawa yake polepole, ikasimama. Ilikuwa imefanya kazi wiki nzima bila kupumzika, nayo ilikuwa mzee.

Niliwageukia wazee. "Ikikosa upepo itazima," niliwaambia. "Ikizima leo, jioni hakuna video."

Mama alinisikia kutoka nje. Alikwenda jikoni, akarudi na ungo wa kupepetea mchele, akamkabidhi baba wa bwana harusi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mzee aliushika, akatazama sipiyu iliyo wazi, akauliza, "Napepeta nini humo?"

"Pepea tu, baba. Kama moto wa mkaa, ila tunataka uzime."

Akapepea. Baba wa bibi harusi hakuweza kukaa mkwewe akifanya kazi peke yake. Alivua kofia yake pana, akasogea upande wa pili, naye akaanza. Namba ilisimama palepale, haipandi. Nilishusha pumzi.

Lakini mmoja alikuwa anapuliza kwenda huku na mwingine kwenda kule, upepo unagongana.

"Mwambie mwenzangu aende taratibu," alisema baba wa bibi harusi, akinitazama mimi. "Ananirushia vumbi machoni."

"Baba, anasema uende taratibu."

"Mwambie sisi wakulima ndivyo tunavyopepeta," alijibu mwingine, akinitazama mimi. "Na kofia yake inanuka zizi."

"Baba, anasema..."

"Nimesikia."

Kati ya magoti yao pasingepita hata kuku. Nikaona nimeshakuwa mshenga.

Kompyuta yangu ikirenda huonyesha picha zikipita polepole kiooni, moja baada ya nyingine. Tulikuwa tumefika kanisani. Ikatokea picha ya baba wa bwana harusi, mstari wa mbele, anajifuta macho kwa leso. Ikapita. Ikaja nyingine, bado anajifuta. Baba wa bibi harusi alipunguza kasi ya kofia. Aliinama, akatazama kioo vizuri, akamgeukia mkwewe.

"Kumbe ulilia."

"Vumbi," alisema yule, bila kuacha ungo.

"Kanisani?"

"Vumbi la ng'ombe wako. Lilinifuata hadi kanisani."

Nilitazama chini. Nilijua sasa fimbo itainuka. Badala yake nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa. Baba wa bibi harusi alikuwa anacheka, mabega yanaruka, kofia inapepea hewa tupu. Mkwewe alijikaza, akashindwa. Mama alikuja mbio kuona nani anaumwa, akawakuta wazee wawili wanafuta machozi kwa vumbi lile lile.

"Pepeeni!" nilisema. "Themanini na nane!"

Wakapepea, sasa kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Bibi harusi akaingia ukumbini. Keki ikakatwa. Halafu mshenga akasimama, suti ya kahawia, maua yakaanza kuelea, picha zake ndogo zikaanza kuzunguka, wingu likaja. Namba ikapanda. Tisini. Wazee wakaongeza nguvu, jasho linawatiririka. Tisini na tatu. Mama akaingia na kanga, naye akapepea. Kioo kikawa cheusi.

Bati tu ndilo lililokuwa linalia juu.

"Hata mashine imechoka kumsikiliza," alisema mama hatimaye.

Baba wa bwana harusi aliweka ungo magotini. "Mwanangu, inazimia hapo siku zote?"

"Siku zote, baba. Lile pambo ni zito. Lakini aliniomba nisimkate."

Wazee walitazamana. Sidhani kama walikuwa wamewahi kutazamana hivyo, uso kwa uso, bila mtu wa katikati.

"Mkwe," alisema baba wa bibi harusi, "ni lazima awemo?"

"Awemo," alisema mwenzake. "Ni mtu mzima, ametutumikia. Aonekane akisimama."

"Sawa. Na aonekane akikaa."

"Basi. Imetosha."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana wao wenyewe kwa midomo yao, nami nikalitekeleza kabla hawajabadili mawazo. Mashine ilihitaji kupoa kwanza, kwa hiyo waliendelea kuipepea ikiwa imezima, na wakipepea walizungumza. Walizungumza juu ya njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni, juu ya mvua itakuja lini, juu ya watoto wao kwamba wamekonda au wamenenepa. Wakagombana tena kidogo kuhusu zile kwato. Niliwasha, nikaondoa maua, nikaondoa wingu, nikakata. Safari hii ilipita pale kama mtu anayevuka kidimbwi kwa kuruka. Ilipofika mwisho na kutoa ule mlio wake mdogo, baba wa bibi harusi alivaa kofia yake, akaipigapiga sipiyu ubavuni kama anavyompiga ng'ombe aliyekubali kuvuka maji.

Tulikwenda Idete jioni kwa bodaboda tatu, flashi ikiwa imefungwa kwenye leso mfukoni mwa baba wa bwana harusi, kwa kuwa mkwewe alisema yeye ana mfuko uliotoboka.

Televisheni kubwa iliwekwa mbele, watu wakajaa. Mshenga alikaa kiti cha kwanza na mkewe, suti ile ile. Nilijibanza nyuma ya kreti za soda. Kanisa likapita, keki ikapita, halafu akatokea yeye, anasimama, anashika kipaza sauti, anakohoa.

"Mabibi na mabwana, mimi sina maneno mengi," alisema kwenye televisheni. "Kwa hayo machache, nawashukuruni sana."

Akakaa.

Nilifumba macho. Halafu yakalipuka makofi ambayo sijayasikia kwenye harusi yoyote, watu wanapiga vigelegele, mzee mmoja anasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo hotuba ya mtu mwenye busara. Nilifumbua macho nikamwona mshenga ameinuka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa kupokea heshima zake.

Baadaye alinikuta penye soda.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilikumbuka kwamba nilisema sana siku ile."

"Shikamoo baba," nilisema tena, kwa hofu.

"Marahaba, marahaba. Kumbe nilisema kwa ufupi. Vizuri sana. Mke wangu alikuwa ananisingizia."

Mama alipata feni mpya. Wazee wale walichangia, na walikuja wenyewe kuileta, wakibishana njiani nani aliyechagua rangi mbaya. Mvua nazo zikaanza, kazi ikawa rahisi.

Baba wa bibi harusi alinipigia simu kutoka Usukumani. Alisema bibi ameitazama video yote kwa mjukuu mmoja mwenye kompyuta ndogo, ameuliza kila mtu ni nani, na walipofika kwa yule mtu anayejifuta macho kanisani akaomba irudishwe nyuma. Nikamuuliza bibi alisema nini.

"Amesema binti ameolewa kwa watu," alijibu. "Kisha akaniambia nimpigie mkwe nimwambie. Nimeshampigia. Amesema ni vumbi."

Nyuma yake nilimsikia kikongwe akicheka.